Tovuti inasema "ingia kwanza": jinsi ya kujua nani amefunga mlango

Mtu anataka kujua bei ya bati tu. Anafungua ukurasa wa duka, na kabla hajaona bati hata moja anaulizwa jina, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Muuza bati wa Soko Kuu hapa Mtwara akiwahoji wateja hivyo mlangoni, watahamia duka la jirani siku hiyohiyo. Mtandaoni tumezoea. Tunajaza.

Kwenye steshenari ninayofanyia kazi, watu hawaji tu kuchapa barua na kutoa kopi. Wanakuja na simu mkononi: "Kaka, hebu nifungulie akaunti, nataka kuangalia kitu." Mara nyingi akaunti haihitajiki kabisa. Kiboksi cha "ingia au jisajili" kina sura moja lakini vyanzo vyake ni vingi. Kingine kinatoka kwenye Wi-Fi, kingine kwenye simu yako mwenyewe, kingine kimechorwa juu ya ukurasa kama pazia, na kingine kweli ni seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, imekataa kukupa kitu mpaka ikujue. Anayejisajili kabla ya kujua chanzo anatoa namba yake bure, na pengine bado asione alichokuja kukitafuta.

Anza na majaribio haya, hayali bando kubwa. Kwanza fungua tovuti nyingine isiyohusiana kabisa, kwa mfano Wikipedia, ambayo haimdai msomaji akaunti. Nayo ikigoma au ikakuletea ukurasa wa kuingia, tatizo si tovuti uliyoitaka. Pili, fungua linki ileile kwenye hali fiche ya brauza, ile yenye alama ya kofia na miwani. Ikifunguka huko, chanzo kiko kwenye kumbukumbu ambazo tovuti imeziacha ndani ya simu yako. Tatu, tazama kwa makini ukurasa unavyofunguka: maandishi yalionekana kidogo kisha yakafunikwa, au hayakuonekana kabisa? Majibu ya maswali hayo yatakuelekeza kwenye sehemu mojawapo kati ya hizi.

Kila tovuti unayofungua inadai uingie

Hapa wa kulaumiwa ni Wi-Fi. Ukiwa gesti, hotelini, chuoni au kwenye mgahawa wenye mtandao wa wageni, kifaa cha Wi-Fi kinakukamata njiani na kukuletea ukurasa wake kabla ya kukuruhusu kutoka. Watu hudhani ni Facebook au Google inayowadai, wanaweka pasiwedi ya Facebook kwenye ukurasa wa gesti. Usifanye hivyo hata siku moja. Ukurasa wa Wi-Fi unahitaji namba ya siri (kodi) uliyopewa mapokezi, au namba ya chumba, basi.

Wakati mwingine ukurasa huo haujitokezi, unabaki unazunguka tu, kwa sababu tovuti nyingi leo zinatumia njia iliyofungwa ya https ambayo kifaa cha Wi-Fi hakiwezi kuiingilia. Andika neverssl.com kwenye brauza. Tovuti hiyo iliachwa makusudi bila kufungwa ili ukurasa wa Wi-Fi upate pa kujitokezea. Ikishindikana, zima Wi-Fi, washa data ya laini yako, na ujaribu tena linki yako ya awali. Ikifunguka kwa data, umeshajua.

Maandishi yanaonekana sekunde moja, halafu yanafunikwa

Hii ndiyo aina inayoudhi kuliko zote, na ndiyo yenye matumaini zaidi. Kama uliona maandishi, maana yake yameshafika. Seva imeshayatuma, bando lako limeshakatwa, habari yote imo ndani ya simu. Kilichotokea ni kwamba programu ndogo iliyokuja pamoja na ukurasa, iliyoandikwa kwa JavaScript, imechora kiboksi juu yake na kuzuia kidole chako kisishushe ukurasa chini. Wewe unazuiwa kusoma kitu ambacho tayari unacho mkononi.

Tafuta kwanza alama ya kufungia. Wabunifu wa viboksi hivi huificha: rangi yake hafifu, iko pembeni, au inatokea baada ya sekunde kadhaa, au wameandika "Si sasa" kwa herufi ndogo chini kabisa. Kwenye simu yenye kioo kidogo alama hiyo inaweza kuwa nje ya skrini. Laza simu, yaani igeuze upande, au chagua "tovuti ya kompyuta" kwenye menyu ya nukta tatu, na mara nyingi itajitokeza.

Isipokuwepo, jaribu hali ya kusoma. Firefox inaiweka kama alama ya karatasi kwenye sehemu ya anwani. Samsung Internet na Safari nazo zinayo, na Chrome ya simu imeiweka kwenye menyu. Hali hii inachukua maandishi na picha na kuacha mapambo yote, kiboksi kikiwamo. Kwa habari ndefu, makala na maelekezo ya mapishi inafanya kazi vizuri sana. Kwa kurasa za maduka na picha haisaidii kitu.

Njia kali zaidi ni kuzima JavaScript kwa tovuti hiyo moja. Kwenye Chrome ya Android nenda Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha JavaScript, ongeza anwani ya tovuti kwenye orodha ya zilizozuiwa. Fungua ukurasa upya. Kiboksi hakitakuwa na wa kukichora. Faida yake nyingine, na kwa sisi tunaonunua bando la siku ni faida kubwa, ni kwamba ukurasa usio na JavaScript unakuwa mwepesi zaidi. Hasara yake: tovuti nyingine bila JavaScript zinabaki nyeupe tupu, kwa sababu maandishi yenyewe yanaletwa na programu hiyohiyo. Ukikuta weupe, washa tena na uhamie sehemu nyingine ya mwongozo huu.

Mwenye Firefox ya Android anaweza pia kuongeza uBlock Origin, ambayo ni ya bure. Ina orodha za ziada za kuzuia viboksi vya kero. Si lazima uelewe zinavyofanya kazi, weka tiki tu.

Kiboksi kidogo cha Google pembeni, chenye picha yako

Hicho si kizuizi. Ni tovuti inayokushawishi uingie kwa akaunti yako ya Google, na ukikifunga ukurasa unaendelea kama kawaida. Watu wanakibonyeza kwa bahati mbaya wakidhani ni lazima, na papo hapo tovuti inapata jina lao, barua pepe na picha. Unaweza kukizima moja kwa moja: ingia kwenye akaunti yako ya Google, tafuta sehemu ya programu na huduma zilizounganishwa, na kwenye mipangilio yake uzime vidokezo vya kuingia.

Kurasa za mwanzo zilifunguka, sasa zimegoma

Tovuti inakuhesabia. Imeweka kuki, yaani faili dogo la kumbukumbu, kwenye brauza yako, na kila ukifungua ukurasa namba inapanda. Ukifika kikomo walichojiwekea, mlango unafungwa. Magazeti mengi ya nje yanatumia mtindo huu, na tovuti za mapishi na picha pia.

Hali fiche inaanza na daftari tupu, kwa hiyo hesabu inarudi sifuri. Au futa kuki za tovuti hiyo peke yake: bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, kisha chagua kuki na data ya tovuti, futa. Usifute kuki zote za simu kwa hasira. Utajikuta umetolewa kwenye barua pepe, na pasiwedi huikumbuki.

Nina maoni hapa. Gazeti linaloishi kwa malipo ya wasomaji lina haki ya kuhesabu, na anayelisoma kila siku alipie. Ninayemtetea ni yule aliyetumiwa linki moja na ndugu yake, anataka kusoma habari moja, hana mpango wa kurudi.

Unaingia, inakurudisha palepale uingie tena

Umeshakubali kushindwa, umejisajili, umeweka namba na pasiwedi sahihi, halafu ukurasa unakurudisha mwanzoni kana kwamba hujafanya kitu. Usibadilishe pasiwedi kwanza. Sababu za kawaida ni hizi, kwa mpangilio ambao mimi huziangalia.

Uliifungua linki ndani ya programu nyingine. Ukibonyeza linki ukiwa ndani ya Facebook au Instagram, haifunguki Chrome. Inafunguka kwenye brauza ya ndani ya programu hiyo, ambayo haina kumbukumbu yoyote ya akaunti ulizofungua Chrome. Kwa hiyo unaonekana mgeni kila mara. Bonyeza nukta tatu juu, chagua kufungua kwenye brauza. Hili peke yake linaondoa kero nyingi kuliko dawa nyingine zote, na ni watu wachache wanaolijua.

Kuki zimezuiwa. Tovuti nyingine zinatuma kazi ya kukutambua kwa kampuni ya tatu, na Chrome ikiwa kwenye hali fiche huzuia kuki za upande wa tatu bila kukuuliza. Ile dawa iliyokusaidia kusoma ndiyo inayokuzuia kuingia. Rudi kwenye dirisha la kawaida.

Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana sana. Hapo ukurasa unapita kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa, ndipo unakufikia. Bando linaokoka, na ndiyo maana imependwa sana huku, lakini tovuti yenye ulinzi mkali inaona mtu anayeingia kutoka nchi nyingine na JavaScript yake haifanyi kazi kikamilifu. Punguza kiwango cha kubana, au tumia brauza nyingine kwa kazi hiyo moja.

Saa ya simu imekosea. Simu iliyoishiwa chaji ikalala siku mbili, au iliyobadilishwa betri kwa fundi, inaweza kuamka ikiamini ni mwaka 2015. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha. Kwa simu hiyo vyote havijaanza kutumika. Weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao.

"Thibitisha wewe si roboti", kisha "ingia ili uendelee"

Mteja analalamika: "Mimi sijafanya kitu, nimefungua mara moja tu." Ni kweli. Aliyefanya ni mwingine mnayeshirikiana anwani.

Kila kifaa kwenye intaneti kinatambuliwa kwa anwani ya namba. Za mtindo wa zamani, ambazo bado ndizo zinatumika sana, jumla yake ni kama bilioni 4.3 duniani kote, na akiba ya Afrika iliingia hatua ya mwisho ya mgao mwaka 2020. Kampuni za simu kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja wenu akiendesha programu ya kukomba data, yaani kunakili kurasa nyingi za tovuti kwa mkupuo, tovuti inaona fujo zote zimetoka nyumba moja na kuwadai wote waliomo kitambulisho. Mwanafunzi aliyeko Chuno anabebeshwa kosa la mtu asiyemjua.

Washa hali ya ndegeni, subiri kidogo, izime. Mara nyingi mtandao utakupa anwani nyingine. Ikishindikana, badili laini kama una ya mtandao mwingine, au subiri. Alama mbaya huondoka baada ya muda. YouTube nayo ina ujumbe wa aina hii, na chanzo huwa kilekile. Ila video yenye kikomo cha umri ni jambo lingine: hiyo itadai akaunti kila mara.

VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, inazidisha tatizo hili, haiponyi, maana anwani ya VPN ya bure inashirikiwa na umati. Na kwa Tanzania kuna suala la sheria: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kuzisajili. Usiambiwe tu "weka VPN" kana kwamba unaambiwa weka chumvi.

Duka liko Instagram peke yake

Mama anayeuza vitenge na madera, fundi wa makochi, gesti ya Mikindani, boti za kwenda kuogelea Msimbati: wote wanakupa jina la ukurasa badala ya anwani. Ukiufungua bila akaunti unaona picha za juu chache, ukishuka kidogo kiboksi kinateremka. Hapa pazia na kufuli vimechanganywa: picha za mwanzo zimefika, zilizobaki seva haijazituma, kwa hiyo kuondoa kiboksi hakuleti picha mpya.

Kinachofanya kazi ni kuomba linki ya kitu kimoja. Posti moja moja hufunguka kirahisi kuliko ukurasa mzima. Facebook pia: kurasa za biashara zilizo wazi huonyesha sehemu ya juu, na kiboksi chake mara nyingi kina alama ya kufunga ukitafuta vizuri. Telegram ni waungwana zaidi. Chaneli ya wazi inasomeka kwenye brauza bila akaunti wala programu, ukiweka t.me/s/ kisha jina la chaneli.

X, wakati huo ikiitwa Twitter, ilifunga mlango Juni 30 mwaka 2023, ikataka kila mtu aingie ndipo asome. Elon Musk alisema ni hatua ya muda kwa sababu ya watu wanaokomba data. Siku chache baadaye posti moja moja zilianza kuonekana tena bila akaunti, lakini ukurasa wa mtu ukiufungua kama mgeni huoni posti kwa mpangilio wa tarehe. Hivyo ukiona habari ya miaka mitatu iliyopita iko juu, usidhani mwenye ukurasa amelala. Na kwa Tanzania kumbuka X ilizuiwa kuanzia Mei 2025. Ukurasa ukigoma kufunguka kabisa, bila hata kiboksi cha kuingia, hilo ni zuio la mtandao, wala hakuna akaunti ya kulitatua.

Kwa mwenye duka anayesoma hapa: mteja wa Nachingwea au Tandahimba anayetumia simu ya mdogo wake hana muda wa kufungua akaunti ili ajue kama una cherehani. Andika bei, saa za kazi na mahali ulipo kwenye wasifu wa biashara wa Google, ambao ni bure na mtu yeyote anauona bila kuingia. Instagram iwe ya picha.

"Unahitaji idhini": faili la kikundi halifunguki

Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ametuma kwenye kundi la WhatsApp orodha ya wakulima na kilo zao, iko Google Drive. Watu arobaini wanabonyeza, watu arobaini wanaambiwa waingie au waombe idhini. Wengine wanakuja kufungua akaunti ya Gmail ili wasome jina lao. Wakishaifungua bado hawaoni, kwa sababu faili linamruhusu katibu peke yake.

Dawa iko kwa aliyetuma. Afungue faili, aguse Shiriki, abadilishe kutoka "waliozuiwa" kwenda "yeyote aliye na kiungo", na aache kwenye hali ya kutazama tu ili asitokee mtu wa kubadilisha kilo. Baada ya hapo linki inasomeka bila akaunti. Ila afikirie kwanza: orodha yenye namba za simu na namba za akaunti za benki haifai kuwekwa wazi namna hiyo. Kwa hiyo afute safu hizo, au apige orodha picha na kuituma, au aibandike ukutani ofisini kama zamani. Bei ya mnada yenyewe haina siri yoyote: hutangazwa mbele ya wakulima palepale mnadani, iwe ni mnada wa chama kikuu cha ushirika cha MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, na hakuna sababu ya mkulima kuulizwa pasiwedi ili aijue.

Fomu za Google nazo zina mitego yake. Anayeandaa fomu akichagua "jibu moja tu kwa kila mtu", Google inamlazimisha kila mjazaji aingie. Akiweka swali la kupakia faili, hivyohivyo. Mwalimu aliyetaka majina ya wanafunzi wa safari ya Kilwa Kisiwani anaweza asijue kwamba ameweka kizuizi. Mwambie kwa upole, "Mwalimu, fomu yako inatudai akaunti," ataondoa tiki moja na mambo yataenda.

Tovuti za serikali: tofautisha kusoma na kuomba

Hapa ndipo watu wengi wanalipia huduma wasiyoihitaji. Kanuni ya jumla ni kwamba kutazama kuko wazi na kuomba kunahitaji akaunti, lakini ukurasa wa kwanza unaweka kitufe kikubwa cha kuingia na kuficha mlango wa wazi pembeni.

Matokeo ya NECTA yako wazi kwa kila mtu, mtihani kwa mtihani, shule kwa shule. Anayekuambia ulipie "akaunti ya matokeo" anakula pesa yako. Orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano kwenye tovuti ya TAMISEMI inafunguka kwa kuchagua mkoa, halmashauri na shule, na fomu za kujiunga zinapakuliwa hapohapo. Akaunti ya mfumo ule ni ya mwanafunzi anayetaka kubadilisha tahasusi zake. Matangazo ya nafasi za kazi ya Sekretarieti ya Ajira yanasomeka bila kuingia, na orodha za walioitwa kwenye usaili hutolewa kama faili la PDF lililo wazi. Akaunti ya Ajira Portal, yenye namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), inahitajika unapotuma maombi. Mwongozo wa mikopo wa HESLB ni faili la wazi pia, wakati kuomba mkopo na kuona mgao wako ni mambo ya ndani ya akaunti yako, na ni sawa yawe hivyo.

Njia ya mkato ya kuupata mlango wa wazi: tafuta Google kwa kuandika unachotaka, kisha neno site, nukta mbili, na anwani ya taasisi, kwa mfano usaili site:ajira.go.tz. Unatua moja kwa moja kwenye faili, hukutani na kitufe cha kuingia kabisa.

Seva imekataa kweli

Umezima JavaScript, umetumia hali fiche, umebadili laini, bado hakuna hata neno. Basi habari haijatumwa, wala hakuna ufundi wa kuondoa pazia utakaosaidia. Swali linabadilika: je, habari hiyohiyo iko wazi mahali pengine?

Mara nyingi iko. Weka anwani kwenye web.archive.org, ukurasa unaweza kuwa ulihifadhiwa kabla mlango haujafungwa. Google iliacha kuonyesha nakala zake yenyewe mwaka 2024, kwa hiyo ushauri wa zamani wa kubonyeza "nakala iliyohifadhiwa" haufanyi kazi tena.

Kwa wanafunzi wa vyuo hili ni muhimu zaidi. Chukua mfano wa Tendaguru, kilima cha hapa jirani, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, wapagazi wakaibeba hadi bandarini Lindi, na mifupa ya mnyama mmoja, iliyounganishwa kutoka kwa wanyama kadhaa, imesimama Museum für Naturkunde mjini Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwanafunzi wa Mtwara akitafuta makala kuhusu mifupa ya kwao anaweza kukutana na tovuti inayomtaka aingie kupitia chuo cha Ulaya au alipie kwa dola. Asikate tamaa pale. Jarida la Fossil Record, la makumbusho hayohayo, liko wazi bila akaunti. Maandiko ya kale ya kisayansi yako Biodiversity Heritage Library, nayo haidai kitu. Internet Archive inadai akaunti kwa vitabu vya kuazima tu. Vilivyoisha hakimiliki vinasomeka palepale. Na nyongeza ya brauza iitwayo Unpaywall hutafuta nakala halali ya bure ya makala uliyoikuta imefungwa. Ikikosekana kote, mwandikie mwandishi. Anwani yake iko kwenye muhtasari, na wengi hufurahi kutuma.

Linki ya kundini inayodai pasiwedi ya Facebook ili uone video

Funga. Hiyo ni mtego wa wezi, na unanasa kwa sababu tovuti halali zimetuzoesha kuulizwa pasiwedi kila tunapotaka kutazama kitu. Angalia anwani iliyo juu: ukurasa wa Facebook wa kweli anwani yake inaishia na facebook.com kabla ya mkwaju wa kwanza, si facebook-video kitu fulani. Kama umeshaweka pasiwedi, ibadilishe sasa hivi kupitia programu yenyewe na uwaondoe watumiaji wote walioingia kwenye vifaa vingine.

Ikibidi kabisa ujisajili

Toa barua pepe, usitoe namba ya simu, pale unapopewa uchaguzi. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo anayepata namba yako amekupata wewe, wala hawezi kuchanganya na mwingine. Namba pia hufa: ukiacha kuitumia muda mrefu, kampuni humpa mtu mwingine, naye akibonyeza "nimesahau pasiwedi" anapokea kodi ya akaunti yako. Ukijiuliza wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walipata wapi namba yako, anza na fomu ulizojaza. Ujumbe wao unaweza kuutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kwa Gmail, ongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, kwa mfano jina+bati@gmail.com. Barua zitafika kwenye sanduku lako lilelile, na siku matangazo ya mikopo yakianza kuja kupitia jina hilo la bati, unajua nani aliyeuza anwani yako. Tovuti nyingine zinaikataa alama hiyo. Hapo tumia Firefox Relay, inayokupa anwani za kuficha ile ya kweli. Tarehe ya kuzaliwa tovuti ya bati haina kazi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa achukue zile zinazohitajika kwa kazi husika tu.

Ukishapata ulichotaka, ingia kwenye mipangilio ya akaunti na uifute, usiishie kuondoa programu kwenye simu. Ukiondoa programu akaunti inabaki. Kama uliingia kwa Google, rudi kwenye orodha ya programu zilizounganishwa na uikate. Ikiwa hakuna kitufe cha kufuta, tuma barua pepe fupi kwa anwani iliyo kwenye sera yao ya faragha: taja barua pepe uliyojisajilia, sema unaomba taarifa zako zifutwe, weka tarehe, na utunze nakala.